Mgeni Haanzishwi na Kanda ya Saba

Mwalimu mwenzangu, binti aliyeletwa shuleni kwetu Newala mwaka jana, alinikuta ofisini nasahihisha madaftari. Aliniamkia, nikaitikia, akavuta kiti. Simu ilikuwa mkononi.

"Mwalimu, nasikia wewe unaijua ile bendi ya zamani ya Wazungu, ile ya magitaa makali. Nimeitafuta humu, nimekuta albamu nane. Sasa mtu mgeni anaanzia wapi?"

Swali hilo nimeulizwa mara nyingi kuliko unavyoweza kudhania katika mji ambao watu huzungumza korosho na maji tu. Jibu langu limekuwa lilelile tangu ujana wangu. Anza na ya tatu. Kisha rudi ya kwanza. Kisha nenda ya tano. Na hata ukitishiwa panga, ya saba usiiguse.

"Ya saba ina nini?"

"Mbaya."

Nilimdanganya mtoto wa watu. Ya saba si mbaya. Nilikuwa na kisasi na mtu juu ya kanda ile, na nilikuwa nimekitunza zaidi ya miaka thelathini, nakianika jua likiwaka, nakianua mvua ikija, kisioze. Binti yule aliniuliza mwezi mmoja tu kabla sijapata nafasi ya kukilipa, ndiyo maana sikuwa na moyo wa kusema kweli.

Bendi yenyewe sitaitaja. Anayeijua ameshaijua.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa dereva wa misheni kule Lulindi. Daktari mmoja wa kigeni alipomaliza muda wake alimwachia kisanduku cha mbao chenye kanda nane za bendi hiyo, zote zile walizowahi kutoa. Kiingereza cha mjomba kilikuwa cha barabarani na cha wodini, cha kuulizia dizeli na machela. Hata hivyo alizisikiliza kanda zile kama mtu anayesikiliza shauri la ukoo. Alizipanga kwa kufuata zilivyotoka, akaziandika namba kwa rangi nyekundu, moja mpaka nane, kisha akazitungia sheria.

Mgeni, alisema, huanzishwa na ya tatu, kwa sababu nyimbo zake ni fupi na mtu anaweza kutikisa kichwa hata kama haelewi. Kesho yake mpe ya kwanza, aone jamaa walikotoka. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Jembe lilikuwa ya tano, yenye nyimbo ndefu za kutoa jasho. Wengi walifika hapo kwenye jembe wakakumbuka kwamba wameacha mbuzi hawajafungwa, wakaaga.

Nami nilitaka sana kuingizwa kwenye muziki ule. Kwetu ni Makote, baba ni mkulima na Mwislamu wa swala tano, na redio kaseti ya nyumbani ilikuwa ya taarifa ya habari na matangazo ya vifo. Kila Krismasi mama alitupeleka Lulindi kwa kaka yake kula pilau, na kila Krismasi niliwakuta watoto wa mjomba na rafiki zao barazani, wanabishana juu ya albamu ipi imeizidi ipi, nami nimekaa pembeni na sahani yangu kama mkwe. Nilikuwa kidato cha pili, na niliona kwamba nisipojua mambo yale nitakuwa mshamba mpaka kaburini.

Sasa huyo mtu wangu wa kisasi. Ni mtoto wa kwanza wa mjomba, binamu yangu wa kiume, ananizidi miaka minne. Wakati ule alikuwa anasoma sekondari Masasi mjini, anavaa suruali iliyobana, anatembea kama aliyeijenga ile milima ya mawe ya huko kwa mikono yake. Kwetu mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi ni watani. Akikuita mke wake, unamwita kinyago. Akikunyang'anya nyama sahanini, unamnyang'anya kofia. Mtani hashtakiwi, na mtani hakasiriki. Ukikasirika, aibu ni yako.

Mwezi wa tisa mwaka ule alipita Makote kutusalimia. Alipoondoka aliniita nje, akatoa kanda kwenye mfuko wa shati, akanipa bila kunitazama usoni. Ilikuwa na namba saba nyekundu.

"Mke wangu, anza na hii."

"Mjomba anajua?"

"Wewe anza na hii tu."

Nilifurahi nikashindwa hata kumtukana. Msimu mzima wa korosho niliishi na kanda ile. Siku zisizo za shule, asubuhi tulikuwa tunaokota chini ya mikorosho, mchana tunakaa kwenye lundo tunazitoa korosho kwenye mabibo, mikono inanata, nzi wanaimba, harufu ya mabibo yaliyochacha imeziba pua. Betri niliziiba kwenye tochi ya baba, na zilipokwisha nguvu nilizianika juani juu ya bati ili zipate uhai wa nusu saa. Baba alinichapa mara mbili kwa ajili ya zile betri. Haidhuru, nilisema, elimu ina gharama.

Mwanzoni sikuipenda, nakiri. Upande wa kwanza ni kelele za watu waliogombana. Upande wa pili ni kipande kimoja, urefu wa upande mzima, na mwimbaji haimbi. Gitaa linapiga sauti nne, linanyamaza. Linazirudia, linanyamaza. Kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo hana hakika kama ina watu. Baadaye sana kinaingia kinanda, chini chini, kama kile cha kanisani Lulindi, kikibeba sauti zilezile nne, na hapo ndipo unapogundua kwamba tangu mwanzo ulikuwa unangoja uitikiwe. Mara ya kwanza nilisinzia. Mara ya kumi niliacha korosho mkononi nikakaa kimya. Kufikia mwezi wa kumi na moja nilikuwa naijua kanda ile kama ninavyoijua njia ya kwenda kisimani, na niliipenda, niliipenda kweli, kuliko kitu chochote nilichokuwa nacho.

Krismasi ikafika. Baraza la mjomba limejaa. Binamu yangu alikuja na wenzake wawili wa shule, vijana wa mjini wenye saa za mkononi. Ubishi ulipoanza, kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliweka sahani chini nikasema. Nilisema albamu bora kuliko zote ni ya saba. Nikaeleza na sababu. Nikaeleza hata zile sauti nne, nikazipiga kwa mdomo mbele ya watu.

Wale wawili walitazamana. Halafu walicheka mpaka mmoja akashika nguzo ya baraza.

"Ya saba! Hiyo hata wenyewe walioipiga hawaitaki!"

Nilimtazama binamu yangu. Yeye ndiye aliyenipa. Nilijua atasema neno. Akawatazama wenzake, akanitazama mimi, kisha naye akaanza kucheka, akasema, "Si mmeona? Mtoto wa Makote ukimlisha maganda, atakusifia korosho."

Baraza zima likaangua kicheko. Kama hujui, ganda la korosho lina mafuta yanayounguza. Ukiling'ata, midomo inavimba na kuchubuka wiki nzima. Hakuna mtoto wa uwanda huu asiyejua, hivyo kila mtu alielewa nimeitwa mjinga wa kiasi gani. Kuanzia siku hiyo jina langu likawa Maganda. Lilinifuata shuleni Newala, lilinifuata chuoni, na mwaka juzi mzee mmoja aliniita hivyo sokoni Tandahimba mbele ya wanafunzi wangu.

Jioni ile nilimlilia mama. Mama alikuwa anasuuza masufuria, hata hakugeuka.

"Huyo mtani wako. Ukilia, amekushinda mara mbili."

Mjomba ndiye aliyenifuata nyuma ya nyumba. Alisimama na kikombe cha chai, akaniuliza nani aliyenipa ya saba. Nikamwambia. Akatikisa kichwa.

"Mgeni haanzishwi na ya saba. Hiyo hupewa mtu wa nyumbani."

Nilielewa alivyosema: kwamba mimi ni mgeni, na nimefanyiwa makusudi. Nikairudisha kanda ile kisandukuni, na tangu siku hiyo sikuisikiliza tena hadharani. Nilianza kupanga.

Kisasi changu kilianza kwa vitu vidogo. Nilizisoma zile kanda nyingine zote mpaka nikawa najua nani alipiga nini, na kila Krismasi nilimkosoa binamu yangu mbele ya wageni wake. Akisema wimbo ni wa kanda ya nne, namwambia ni wa ya pili, kalete tuone. Alikuwa anacheka tu, "Umeshinda, mke wangu." Kicheko chake kilikuwa kinaniongezea hasira, kwa maana sikutaka kushinda. Nilitaka aumie.

Mjomba alipofariki, nilipata zaidi. Kwetu wazee bado wanafuata upande wa mama, na vitu vya mtu huangukia kwa watoto wa dada yake. Shamba la mikorosho wazee waliafikiana wenyewe. Kisanduku cha kanda mjomba alikuwa amekitaja kwa mdomo wake: kiende kwangu. Siku ya arobaini nilikibeba kichwani kupita mbele ya wanawe wote, polepole, ingawa gari lilikuwa karibu.

Binamu yangu alinifuata mpaka mlangoni mwa gari.

"Binamu, nipe moja tu. Ya kumkumbukia mzee."

"Ipi?"

"Ya saba."

Kati ya nane, mtu mwenye haya angetaja ya tatu. Huyu alitaka kunicheka mpaka kwenye matanga ya baba yake. Nilicheka mimi kwanza, kwa sauti, watu wakageuka. "Kamwombe aliyekulisha wewe maganda," nikamwambia, nikapanda gari. Alisimama pale kivumbini mpaka tulipopinda kona, na mimi nililala usingizi mtamu kuliko miezi mingi iliyopita.

Basi, mwezi huo alioniuliza yule binti, nikaletewa kadi. Binamu yangu, mjane wa miaka sita na sasa mstaafu, anaoa. Bibi harusi ni fundi cherehani wa Lulindi, naye mjane, mama mtu mzima. Sherehe ni Masasi, Jumamosi saa nane mchana. Nilifurahi kuliko maharusi wenyewe. Kwa sababu harusini kwetu watani wana zamu yao. Mshereheshaji huwaita mbele, na mtani aliyeshika maiki anaweza kumsema bwana harusi lolote, tangu kukojoa kitandani mpaka kukimbia jando, na bwana harusi haruhusiwi kununa. Miaka yote ile nilikuwa natafuta mahali pa kumvulia nguo, kumbe ni yeye atakayekodi ukumbi na viti.

Niliiazima redio kaseti ya marehemu baba kwa mdogo wangu, nikainunulia betri mpya sita. Niliiweka kanda ya saba, nikaigeuza upande wa pili, nikaisogeza mpaka mahali penyewe.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Nilipoitwa, nilitembea na redio begani kama vijana wa enzi zetu, watu wakaanza kucheka kabla sijasema. Nikaiweka juu ya meza ya maharusi, nikaielekezea maiki.

"Bibi harusi," nikasema, "huyu uliyemchukua ni mwalimu wa wageni. Mgeni akija kwake na njaa, humlisha maganda. Mimi ni shahidi, midomo yangu bado haijapona. Tega sikio usikie alichonilisha."

Nikabonyeza. Spika kubwa za ukumbi zikatoa zile sauti nne, zikanyamaza. Watu wakangoja. Zikarudia, zikanyamaza. Mtu akapiga mluzi wa kuchoka. Mwingine akapaza sauti, "Zima, unatufukuzia chakula!" Ukumbi ukacheka. Nami nikawaacha wachoke vizuri, halafu nikaeleza kisa chote, baraza, wenzake wenye saa, betri za baba, fimbo mbili, neno kwa neno. Walicheka kila mahali nilipotaka wacheke. Wazee wa Lulindi walipiga meza. Binamu yangu alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama viatu vyake vipya, na masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi. Aliumia. Niliona kwa macho yangu kwamba aliumia, nikamshukuru Mungu.

Na hapo kinanda kilipotaka kuingia, redio ikakoroma. Ilikuwa imekula utepe. Niliizima, nikarudi kitini kwangu huku napigiwa makofi.

Chakula kilipogawiwa, bibi harusi mwenyewe aliniletea sahani, na shela yake kaikunja mkononi isiguse mchuzi. Alikaa kiti cha pembeni yangu.

"Wifi, asante."

"Ya nini tena?"

"Kuniletea wimbo wenyewe. Mimi naujua kwa mluzi tu. Huyu akimenya muhogo anaupiga, akifunga mlango anaupiga. Nilimwuliza ni wimbo gani, akasema ni wa kanda aliyokuwa anaipenda kuliko zote, ila hana." Alipunguza sauti. "Akasema maishani mwake alimpa mtu mmoja tu aisikilize, mtu aliyeona ataielewa. Na mtu huyo akaielewa. Lakini wenzake walipocheka, akaona haya, akacheka nao. Anasema hajawahi kufanya jambo baya kama lile. Hakuniambia alikuwa nani. Leo ndiyo nimejua ni wewe."

Nikaiweka sahani chini. Hiyo hupewa mtu wa nyumbani. Mjomba alinieleza siku ileile, nyuma ya nyumba, kwa maneno yasiyofichika, na mimi nikasikia nilichokuwa nataka kusikia, kwa sababu hasira ilikuwa imekwishapata mahali pa kukaa.

Niliinuka nikaenda kwenye redio. Binamu yangu alikuwa ameshafika. Alikuwa amepiga magoti na suti yake ya harusi, utepe umemwagika mezani kama utumbo wa kuku, na mkononi ameshika kalamu anauzungusha urudi ndani taratibu. Mahali pamoja ulikuwa umekatika kabisa.

"Mbona hukuniambia?" nikamwuliza.

"Mtani anaombwa radhi?" Hakuinua kichwa. "Nilikuwa nangoja unitukane vya kutosha, tuwe sawa."

"Ungeniambia, ningekupa kanda."

"Ungenipa?"

Nikafikiri. "Nisingekupa."

"Basi," akasema.

Niliushika utepe usijipinde, yeye akazungusha kalamu. Mwenye spika alitupa selotepu. Tulikata kipande kilichochanika, tukaunga, watu wakitupita na sahani zao na kudhani ni utani unaendelea. Sikumsamehe, nisije nikajisifu. Kile kicheko cha barazani bado kipo, na kilikuwa cha kweli. Lakini nilikuwa nimekuja ukumbini na kitu ninachokipenda kuliko vyote, nikakiita maganda mbele ya watu ili wacheke pamoja nami. Ndivyo alivyofanya yeye barazani; hilo nimelijua kwake, na sasa amelijua kwangu. Nilimwachia kanda mezani. Alinirudishia, akasema kwanza nikaisikilize mwenyewe, halafu nimpe mtu.

Jumatatu yule binti alinikuta tena ofisini. Alikuwa amemaliza ya tatu na ya kwanza, ya tano inamsumbua.

"Achana nayo," nikamwambia. Nikafungua mkoba nikatoa kanda yenye namba saba nyekundu, na redio ya baba nikaiweka juu ya madaftari. "Anza na hii."

"Si ulisema mbaya? Na mbona ipo kwenye simu, Mwalimu?"

"Ya kwenye simu ni nzima. Chukua hii. Upande wa pili, kinanda kinapokaribia kuingia, utasikia inaruka."

"Imeharibika?"

"Hapo ni mimi," nikasema.